Koti la Kitambi cha Kesho

Desturi hii ilianza Rahma akiwa na miaka mitatu. Kila familia ilipopigwa picha, baba yake, fundi Swaleh wa Njoro, mjini Moshi, alimvuta mtoto taratibu na kumsimamisha mbele ya kitambi chake. Mtoto akakua, kitambi nacho hakikukubali kuachwa nyuma. Rahma wa darasa la kwanza alikifunika kwa mkoba wa shule. Rahma wa kidato cha nne alikifunika kwa cheti, nusu nusu. Rahma wa chuo alikifunika kwa joho, na kwa kuwa joho ni nguo pana, siku hiyo Swaleh alipumua vizuri kuliko siku zote.

Basi Rahma alipochumbiwa na Shakiru, kijana mwenye duka la vipuri pale Himo, alimfuata baba yake kwenye cherehani, akasimama akichezea ncha ya mtandio.

"Baba, nina ombi moja."

"Sema, mama."

"Siku ya harusi usisimame nyuma yangu. Simama ubavuni kwangu. Nikiangalia picha nikuone mzima, mpaka kifungo cha chini."

Swaleh alicheka, akakohoa, akainama kutafuta sindano ambayo haikuwa imeanguka.

Siku ya pili yake alinunua kitambaa cha sufu ya kahawia, mita mbili za mwisho kwenye jora, apate koti la kuvaa juu ya kanzu. Akajipima tumbo: inchi arobaini na sita. Akachukua chaki, akachora arobaini na mbili, akakata. Hata pindo la ndani hakuacha, maana alijijua. Angejiachia inchi moja, angeitegemea.

Mkewe Sikudhani alikuja na chai, akaona vipande mezani, akavilinganisha na mume wake kwa macho.

"Baba Rahma, hilo koti la nani?"

"Langu."

"Lako lini?"

"La wiki sita zijazo. Nimemkatia mtu atakayekuja."

"Na akichelewa?"

"Hachelewi."

"Wewe nguo za watu za Idi unazimaliza Idi imeshapita," alisema Sikudhani. "Haya, tumsubiri mgeni wako."

Siri ya kupungua Swaleh alijua pa kuipata. Manju, mama wa Kihindi mwenye duka la vitambaa karibu na soko, mwaka uliopita alikuwa mpana kiasi cha kuziba mlango wa stoo, na sasa alipita na jora kwapani. Swaleh mwenyewe ndiye aliyempunguzia magauni mara tatu. Alimkuta akimpimia mteja kitambaa.

"Mama Manju, nipe siri."

"Keto, fundi, ndiyo dayati yangu. Ugali, wali, chapati, viazi, sukari, vyote kwaheri. Mafuta usiogope. Jaza mboga. Na kwenye mboga kumbuka hivi: iliyoota juu ya udongo, kula. Iliyoota chini ya udongo, acha."

"Basi?"

"Basi. Nne au tano?"

Hilo la mwisho lilikuwa la mteja na mita zake, lakini Swaleh alikuwa ameshatoka nje akikariri: juu kula, chini acha. Ilikuwa kanuni nyepesi kama wimbo wa chekechea. Akaenda nayo moja kwa moja kwa Kornelia.

Kornelia alikuwa mama wa makamo aliyeshuka kutoka Kirua Vunjo, kule juu mlimani, siku za soko na kuuza mazao ya kihamba chake, lile shamba linalozunguka nyumba. Alikuwa akimuuzia Swaleh mboga miaka kumi na moja, na alimpenda kwa sababu hakubonyeza nyanya.

"Juu kula, chini acha," alirudia Kornelia, akayatazama mafungu yake upya kama mwalimu anayepanga wanafunzi kwa urefu. "Sasa karoti?"

"Chini. Toa."

"Vitunguu?"

Swaleh akameza mate. "Chini. Toa."

"Karanga nazo ni za chini, zinajificha. Toa. Maharage haya sawa, kwangu yanapanda mpaka juu ya mti wa mgrevilea. Mahindi yako usawa wa kifua chako. Boga je?"

Wakalitazama boga.

"Boga limelala juu ya udongo," alisema Kornelia.

"Lakini tumbo lake limegusa chini."

"Basi kula upande wa juu."

Likawekwa kikapuni. Kisha Kornelia akajipiga paja. "Mae! Fundi, tunahangaika nini? Ndizi!"

"Ndizi ni mboga?"

"Si inapikwa na nyama? Si inakaa sufuria moja na nyanya? Na kuhusu juu, wewe niambie mboga gani iko juu kuliko ndizi. Mimi mkungu naushusha kwa ngazi."

Swaleh alifikiri. Hakuona tundu. Kama mchicha unaofika gotini unapunguza mtu, kitu kinachoning'inia juu ya kichwa kitamfanya nini?

"Tena zangu ni za Kirua," aliongeza Kornelia, sasa amepamba moto. "Ziko juu ya udongo, na udongo wenyewe uko juu. Kule kwetu hata magimbi yako juu kuliko mji wenu huu wote."

"Magimbi hapana," alisema Swaleh kwa uthabiti. "Tusimdanganye mtu."

Akarudi nyumbani na mafungu matatu ya ndizi mshale, zile za kupika.

Zikafuata wiki nne za kujinyima kwa bidii. Watoto wa jirani walikula wali, Swaleh akageuza uso. Asubuhi alikunywa mtori, ndizi zilizopondwa na nyama mpaka zikawa laini kama uji, bakuli mbili. Mchana alikula machalari, ndizi nzima nzima zilizopikwa na nyama, yenye mafuta ya kutosha kwa kuwa mafuta aliambiwa asiogope. Jioni ndizi na maharage, na upande wa juu wa boga. Hakugusa kitunguu hata kimoja. Sikudhani akitia kitunguu kwenye mchuzi kwa mazoea, Swaleh alikichokoa kwa uma kama anatoa mwiba mguuni.

"Dayati ni ngumu," aliwaambia mafundi wenzake, akijifuta jasho baada ya sahani ya tatu. "Lakini ukishapata mtoto wa kike utaelewa."

Kila Ijumaa Rahma alimpima. Ijumaa ya kwanza ilikuwa arobaini na sita. Ya pili arobaini na sita na nusu. Ya tatu Rahma alitazama tepu, akatazama kisogo cha baba yake aliyempa mgongo akisubiri kama mshitakiwa, akakosa moyo.

"Bado ile ile, Baba."

"Ile ya kwanza au ile ya pili?"

"Katikati."

Ijumaa ya nne Swaleh alichukua tepu mwenyewe. Arobaini na nane. Akaigeuza, akaipima kwa rula, akaisogeza dirishani.

"Tepu hii imeingia maji," alitangaza. "Imesinyaa."

Alikuwa fundi kwa miaka thelathini, na hakuna aliyejua vizuri kuliko yeye kwamba tepu haisinyai. Ndiyo maana sauti ilimtoka ndogo. Koti lilikuwa limetundikwa ukutani, vifungo vyake vitatu vikimtazama. Zilibaki wiki mbili. Alimwona Rahma akikunja tepu polepole, na kule kukunja kukamuuma kuliko namba.

Akaenda dukani kwa Manju kununua tepu mpya. Manju aliinua kichwa kutoka kwenye hesabu zake, akasimamisha kalamu hewani.

"Fundi. Wewe unakula nini?"

"Ulivyoniambia. Cha juu tu. Kitunguu sijui hata kinafananaje."

"Cha juu kama nini?"

"Ndizi."

Manju akaketi juu ya jora la satini. "Ndizi?"

"Iko juu, mama. Inashushwa kwa ngazi."

"Hata bati liko juu, fundi! Utakula bati? Ndizi ni wanga mtupu! Ni ugali ulioning'inia!"

"Hukusema."

"Nilisema mboga! Mimi kwetu nikisema mboga naona koliflawa, naona bamia, naona spinachi. Nani anayeona ndizi?"

"Moshi nzima," alisema Swaleh kwa huzuni, na Manju, aliyezaliwa mjini hapo hapo, akaweka kalamu chini. Akafunga duka, akachukua kikapu, akamwambia, "Twende kwa huyo mama anayekuuzia."

Kornelia aliwaona wakija, akaanza kufunga mafungu ya ndizi. Manju akayasukuma pembeni kwa mgongo wa mkono.

"Mama, kuanzia leo huyu mtu usimpe ndizi. Wala mahindi, wala maharage, wala boga."

"Hata upande wa juu?"

"Upande gani?" Manju alimgeukia Swaleh, akaona ni bora asiulize. "Sikilizeni. Angalia jani. Jani lolote la kijani ni salama: mnafu, mchicha, chainizi, kabichi. Halafu tunda la mboga lenye maji: bilinganya, tango, nyanya chungu, bamia, hoho. Koliflawa ipo?"

"Ipo moja, hakuna anayeinunua."

"Lete. Na maparachichi."

"Parachichi!" Kornelia alishika kiuno. "Dada yangu, parachichi lina mafuta, linapakwa hadi kwenye mkate! Ndizi yangu iliyo kavu mnaikataa, mnampa mgonjwa mafuta?"

"Mafuta siyo shida. Wanga ndiyo shida."

"Na mnafu? Huu mchungu tunaulia ndizi. Bila ndizi unaingiaje?"

"Unaingia na nyama. Unaingia na mayai."

Kornelia akapanga mnafu kikapuni, kisha mikono ikasimama. "Kwa hiyo fundi, mimi ndiye niliyekunenepesha? Wiki nne zote hizi nilikuwa nakuchagulia zile nono, nikisema harusi ya Rahma hiyo."

"Hukukosea mama Kornelia," alisema Swaleh. "Kanuni ilikuwa fupi mno."

"Nilikuwa na mteja," alisema Manju, akitazama pembeni.

Wiki mbili hizo Swaleh alikula kama mbuzi mwenye fedha. Mnafu na nyama, kabichi na mayai, bilinganya ya kukaanga, parachichi kwa kijiko. Sikudhani aliikatakata koliflawa vipande vidogo vidogo akamwambia afikirie wali. Alifikiria sana, koliflawa haikugeuka. Lakini tepu, ile ile ya zamani iliyosingiziwa, ilianza kurudi: arobaini na saba, arobaini na sita. Asubuhi ya harusi ikasoma arobaini na tano.

Alivaa kanzu, akavaa koti, akavuta pumzi mpaka akaona nyota, akavuta pande mbili za sufu. Zilisogeleana kama majirani waliogombana, zikaishia hapo. Inchi tatu.

"Mgeni wako amefika njia panda," alisema Sikudhani, akimnyooshea kola, safari hii bila utani mwingi.

Nikahi ilikwenda salama. Swaleh alikaa, na mtu aliyekaa anaweza kuweka mikono mapajani. Shida ilikuwa picha. Mpiga picha aliwatoa wote nje ya ukumbi, akampanga Rahma katikati, Shakiru kushoto, akaita, "Baba mzazi, kulia!" Hapo hapo Kornelia akatokea getini na kitenge cha sikukuu, amejitwisha zawadi kutoka Kirua: mkungu wa ndizi mkubwa kuliko yote aliyoishusha mwaka huo.

"Hizi za wageni," aliharakisha kusema. "Fundi haruhusiwi."

Macho ya Swaleh yakaenda kwenye mkungu, yakaenda kwa mpiga picha, yakarudi kwenye mkungu. Akaupokea kwa mikono miwili, akaukumbatia. Ulimfunika kutoka kidevuni hadi magotini. Akaenda kusimama kulia kwa binti yake.

"Mzee, weka ndizi chini tupige," alisema mpiga picha.

"Zawadi ya mgeni haiwekwi chini."

"Weka tu fundi, nimeileta iliwe," alisema Kornelia.

"Haiwekwi."

Rahma aligeuka. Alikuwa msichana asiyependa kusema mbele za watu, na hapo palikuwa na watu mia mbili, kwa hiyo alisema kwa sauti ya kumfikia mmoja tu.

"Baba, nilikuomba ubavuni."

"Si ndipo nilipo?"

"Uko nyuma ya ndizi."

Swaleh akahamisha mkungu kidogo. "Koti halikufunga, mama. Nilijaribu. Sikutaka uwe na picha ya hivi."

"Baba, wewe ulidhani mimi nilikuwa nakuficha?" Macho yalimjaa machozi, na wakati huo huo alianza kucheka. "Wapiga picha walikuwa wanachelewa, nami nilikuwa nachoka kusimama. Nilikuwa nakiegemea kitambi chako. Miaka yote hiyo nilikuwa nakiegemea tu."

Swaleh alitafuta pa kuuweka mkungu, na kwa kuwa alishasema hauwekwi chini, akamkabidhi mtu wa karibu. Huyo alikuwa Shakiru, kijana mwenye adabu, asiyeweza kukataa kitu cha kwanza kabisa alichopewa na baba mkwe. Rahma akapitisha mkono kwenye mkono wa baba yake, akaegemea. Mpiga picha, aliyekuwa na harusi nyingine saa kumi, hakusubiri tena.

Picha hiyo sasa imetundikwa karakana kwa Swaleh, pale lilipokuwa koti. Bibi harusi anacheka. Baba yake yuko ubavuni, koti wazi, kanzu nyeupe imetangulia mbele, anaonekana mzima mpaka kifungo cha chini, ambacho kinaning'inia bila kazi. Na upande wa kushoto umesimama mkungu wa ndizi wenye viatu vyeusi.

"Na bwana harusi?" huuliza wateja.

Swaleh huonyesha viatu.

Kornelia naye alipoletewa picha aliitazama muda mrefu, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akarudisha.

"Mkungu wangu umetoka vizuri," alisema.