Kitanda cha Mke wa Bado Kidogo

Seremala huyu alikuwa na jina zuri alilopewa na wazazi wake, lakini mtaani hakuna aliyelikumbuka tena. Wote walimwita Bado Kidogo. Ukienda karakanani kwake kuulizia kabati lako, atakushika bega, atakupeleka hadi penye kabati, atalipapasa kama mama anayepima homa ya mwanawe, kisha atakwambia, "Bado kidogo." Rudi wiki ijayo, bado kidogo. Rudi mwakani, bado kidogo, na kabati lenyewe ukilitazama wewe huoni hata linangoja nini.

Na wala hakuwa mvivu. Laiti angekuwa mvivu, watu wangemtukana wakamaliza, wakaenda kwa fundi mwingine. Huyu alikuwa wa kwanza kufungua mtaa mzima, na kutwa utamsikia anapiga randa, anapiga msasa, anafuta, anapiga tena. Ugonjwa wake ulikuwa pima maji. Ni kile kijiti cha mafundi chenye kichupa cha maji katikati, na ndani ya maji kuna kitone cha hewa. Kitone kikitulia kati ya mistari miwili, ujue kitu chako kimelala sawasawa. Yake ilikuwa fupi, ya mbao, nene kama vidole viwili, na makao yake yalikuwa mfuko wa nyuma wa suruali. Aliitoa popote. Siku ya harusi yake mwenyewe aliiweka juu ya meza ya maharusi mbele ya wageni wote, akaona kitone kimekimbia, akapiga magoti na suti yake kutafuta karatasi ya kutia chini ya mguu wa meza. Bibi harusi alibaki amesimama na kipande cha keki mkononi, hana wa kumlisha. Angeshtuka siku ile ile, lakini mapenzi, jamani, yanapofusha watu wazima.

Kuna jirani aliyeagiza kitanda cha mtoto mchanga mkewe akiwa na mimba ya miezi minne. Kitanda kilipokamilika, mtoto alikuja kukichukua mwenyewe, kwa miguu yake, amevaa sare za shule. Mimi sitii chumvi. Alikitazama juu chini, akauliza nani atalala humo.

Sasa huyo bibi harusi wa keki alikuwa msusi. Saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, ng'ambo ya barabara, mkabala na karakana. Walipooana, Bado Kidogo alimshika mikono akamwambia, "Kitanda chetu sitakinunua kwa mtu. Nitakitengeneza kwa mikono yangu hii." Mke akalia kwa furaha. Wakatandika godoro sakafuni, kwa wiki mbili tu, kitanda kinakuja.

Hiyo ni miaka kumi na moja iliyopita.

Kitanda kilikuwepo, tusimsingizie. Alikuwa amekiunga na kukifumua mara nne. Ubao wa kichwani ulianza ukiwa mnene kama kiganja, na kwa msasa wa miaka kumi na moja ulikuwa umebaki mwembamba kama sinia. Bado kidogo.

Jumanne moja asubuhi mkewe alijigeuza ubavu, akatia mkono sakafuni ainuke kama kawaida. Mgongo ukakataa. Msusi husimama kutwa, ameinamia vichwa vya watu, na usiku anarudi kulala chini. Mgongo una haki ya kugoma.

"Fundi," akaita.

Bado Kidogo akashtuka. Siku zote alikuwa anaitwa "mume wangu." Akisikia "Fundi," kama wateja wanavyomwita, alijua kuna jambo.

"Nivute."

Akamshika mikono yote miwili, akavuta. Hola. Akapanua miguu, akavuta tena kama anayeng'oa kisiki. Mke akapiga ukelele. Barazani walikuwa wameshafika bwana harusi mmoja na dada yake aliyemleta asukwe, wakatazamana, wakaamua kwenda kununua maji. Hatimaye mke alisimama, mkono kiunoni, jasho usoni.

"Kitanda changu kiko wapi?"

"Bado k..."

"Malizia uone."

Akayameza.

"Mimi kichwa kikija asubuhi, jioni kimeondoka," mke akasema. "Ulishaona mtu anatoka kwangu na nusu kichwa, nimemwambia nusu ya pili aifuate mwakani?"

"Mke wangu, si kwamba nakudharau. Kabati la mtu naweza kujilazimisha nikalitoa. Lakini kitanda ni chako wewe. Sitaki kiwe na kasoro hata chembe. Ni mapenzi hayo."

"Basi mapenzi yako yamenilaza chini miaka kumi na moja." Akachukua kitana chake. "Leo napita kwa Misumari. Jumamosi saa nane mchana kitanda kiwe humu ndani."

Lo! Heri angesema ameagiza mume mwingine. Misumari alikuwa mwanafunzi wa Bado Kidogo zamani, akaondoka baada ya miaka miwili kwa sababu katika miaka hiyo miwili walikuwa wamemaliza kigoda kimoja. Sasa alikuwa na karakana yake mwisho wa mtaa, na kila kitu alikiunga kwa misumari: kabati misumari, meza misumari, ungemletea kikombe kilichovunjika angekitia msumari. Kitanda cha mtu huyo kibebwe mchana kweupe, kipite mbele ya mlango wa mwalimu wake, kiingie chumbani kwa mwalimu wake!

Lakini kilichomkata maini hakikuwa maneno ya mtaa. Ilikuwa ile sauti ya mkewe. Haikuwa na hasira hata kidogo. Alisema kama mtu anayeagiza sabuni. Maana yake alikuwa ameacha kumngojea. Bado Kidogo alivuka barabara moyo umemjaa, akaapa kwamba Jumamosi, kabla ya saa nane, kitanda kitakachoingia nyumba ile ni chake.

Akafunga mlango wa karakana. Waliogonga kuulizia vitu vyao akajitia hamnazo. Jumatano adhuhuri kitanda kilikuwa kimesimama, miguu minne, chaga zote mahali pake. Akaweka pima maji ubavuni, kichwani, miguuni. Kitone katikati, katikati, katikati! Mtu mwenye akili zake timamu angekibeba saa ile ile.

Yeye akaona fundo kwenye mguu wa kushoto. Kifundo cha mti, hakizidi punje ya dengu, tena upande wa ukutani. Akang'oa mguu. Alhamisi akachonga mguu mpya, ukatoka mzuri mno, ikawa ile mitatu inaonekana imezeeka. Ijumaa akaing'oa nayo, akachonga mipya. Alipopaka vanishi akaona tone limetiririka kwenye ubao wa kichwani, akaubandua nao ili aupige msasa. Jumamosi asubuhi kitanda kilikuwa vipande vipande juu ya maranda, na mwenyewe amekaa katikati yake na msasa mkononi.

Saa tatu mlango ukagongwa.

"Shikamoo, mwalimu." Alikuwa Misumari, kofia mkononi. "Nimekuja kukuomba ruhusa. Shemeji aliagiza kitanda, nacho kimekwisha. Lakini naona haya kukipitisha hapa mbele yako. Nilitafuta njia ya nyuma, hakuna."

"Kiko wapi?"

"Hapo pembeni, kwenye mkokoteni. Nimekifunika usikione."

Kweli, pembeni ya karakana palikuwa na mkokoteni, na juu yake kitanda kimefunikwa shuka gubigubi kama marehemu. Bado Kidogo akalivuta shuka. Akatoa pima maji. Kitone kilikimbia hadi pembeni kabisa kama kimeona nyoka.

"Ubao huu umepinda."

"Kweli, mwalimu."

"Chaga hazilingani. Msumari huu umetokeza. Mguu huu mnene, huu mwembamba. Hapa umepaka vanishi juu ya vumbi."

"Yote kweli, mwalimu."

"Kimekuchukua muda gani?"

"Siku mbili. Na moja ilikuwa ya mvua."

Bado Kidogo akacheka kwa dharau, lakini kicheko hakikufika mbali. Misumari alikuwa anakunja shuka lake taratibu.

"Mwalimu, usinielewe vibaya. Kazi yako mimi siiwezi hata nikizaliwa upya. Lakini miaka yote hii sijawahi kukutana na mtu aliyeilalia. Hiki changu kimepinda, sawa. Leo shemeji atapumzisha mgongo wake juu yake."

Maneno yale yaliingia moja kwa moja. Bado Kidogo alitazama ng'ambo ya barabara. Kupitia mlango wa saluni alimwona mkewe anasuka huku ameegemeza nyonga kwenye kiti cha mteja, na kila baada ya mistari miwili mitatu anasimama, anajishika kiuno, anafumba macho, kisha anaendelea. Karakana ilikuwa inatazamana na saluni ile miaka yote. Alikuwa na jicho la kuona punje ya dengu upande wa ukutani, na hili hakuwahi kuliona. Aibu ilimpanda hadi masikioni.

"Saa ngapi sasa?"

"Saa tatu na robo."

"Ingia ndani. Nishikie hapa."

Wakaanza kuunga. Miguu mipya ilikuwa bado mibichi kwa vanishi, ikabidi warudishe ile ya zamani, pamoja na fundo lake. Ubao wa kichwani ulirudi na tone lake lililotiririka. Walipofika kwenye chaga, moja ikakataa kukaa. Ulimi wake ulikuwa umepigwa msasa mpaka umekuwa mfupi, haufiki kwenye tundu. Wakatazamana. Misumari akaingiza mkono mfukoni polepole, akatoa msumari mmoja.

Bado Kidogo akageuka. "Piga haraka. Mimi natazama nje."

Nyundo ililia mara tatu, na mara zote tatu alifumba macho kama mtoto anayechomwa sindano.

"Na hicho chako?" akauliza walipomaliza.

"Hicho usikihofie. Fundi viatu wa pale kona anakitaka tangu jana, kwa hali yoyote."

Saa nane kasorobo mlango wa karakana ulifunguka, na mtaa ukasimama. Wanawake walitoka saluni, wengine wamesukwa upande mmoja, upande wa pili nywele zimesimama wima. Misumari mbele, Bado Kidogo nyuma, kitanda katikati. Msusi alisimama mlangoni na kitana chake, akakitazama kitanda, akamtazama mumewe.

"Hiki sicho nilichoagiza."

"Sicho," Bado Kidogo akasema, anahema. "Hiki ni chako."

Mke akampisha.

Wakakiingiza chumbani, wanawake wa saluni nyuma yao, wakakitua. Ko! Mguu wa upande wa dirishani ukabaki unaning'inia hewani. Wakakisogeza. Ko! Bado Kidogo akaweka pima maji sakafuni, akapigwa na butwaa. Sakafu ya upande ule ilikuwa imebonyea kwa vidole viwili vizima. Miaka kumi na moja amepima kitanda. Chumba kitakamolala hakuwahi kukipima hata siku moja.

"Nipeni dakika moja," akasema, jasho linamtoka. "Nilete msumeno. Nikipunguza miguu hii mitatu..."

Kila mtu pale alizijua dakika zake. Mmoja wa wale wa nusu kichwa akaguna. Mke hakuguna wala hakulalamika. Alikuwa ameegemea ukuta, amelikumbatia godoro lililokunjwa, anangoja kama alivyozoea kungoja.

Bado Kidogo alikuwa ameshafika mlangoni. Akasimama. Akaangalia ule mguu, akamwangalia mkewe, kisha akainama, akaisukuma pima maji chini ya mguu.

Ikaingia barabara. Akakitikisa kitanda kwa mikono miwili, hakikutikisika. Kichupa kilionekana kwa pembeni, na kitone kilikuwa kimekimbilia mwisho kabisa, kimejibanza huko. Alikitazama. Akainuka, akafuta magoti.

"Kimekwisha," akasema.

"Sema tena?" Misumari akauliza.

"Kimekwisha, bwana! Unataka niimbe?"

Mke alitupa godoro juu ya chaga, akalala na viatu vyake, akanyoosha miguu. Mgongo ulilia ka, ka, ka, naye akashusha pumzi ndefu sana. Machozi yalimtoka, akayaacha yateremke.

"Dada," sauti ikaita kutoka mlangoni, "mimi je? Nimebaki na nusu kichwa."

"Bado kidogo," msusi akajibu, macho yamefumbwa.

Akalala hadi saa kumi na moja, na mwenye nusu kichwa alimngoja.

Asubuhi iliyofuata Bado Kidogo aliamka kwa mazoea yake, akazunguka upande wa mkewe, akanyoosha mikono yote miwili amvute. Mkewe aliteremsha miguu, akakanyaga chini, akasimama. Mwenyewe. Mumewe akabaki na mikono hewani, haina kazi. Alijisikia kulia, akasema ni vumbi.

Chai wakanywa wamekaa ukingoni mwa kitanda, vikombe magotini, kwa sababu nyumba ya seremala haikuwa na meza.

"Mume wangu," mke akasema.

"Naam."

"Nataka meza. Ya kuwekea vikombe tu. Jumatano."

Bado Kidogo alifungua mdomo. Mke akainua macho juu ya kikombe, akangoja yale maneno mawili. Hayakuja.

"Jumatano," akasema, akaenda kazini, mfuko wa nyuma mtupu.