Nafasi ya Saba

Tuulikki alifuta mistari kumi na mmoja ya programu ya marehemu mumewe kabla ya kahawa ya saa tatu, kisha akaenda kunywa kahawa kana kwamba hakuna lililotokea. Alikunywa vikombe viwili badala ya kimoja, lakini Wafini hawaulizani habari za vikombe.

Kiwanda chao pale Kuopio, Ufini, hutengeneza majiko ya mawe ya sauna, kile chumba cha kuogea mvuke. Ndani ya programu ya jiko mna orodha ya vielekezi vinane, na kila kimoja kimeshika anwani ya kipande cha programu kinachopaswa kuitwa jambo fulani likitokea. Mlango ukiachwa wazi, nenda hapa. Mawe yakizidi moto, nenda pale. Kipimajoto hakijui huko kuna nini. Hufuata anwani tu, kama mgeni aliyeelekezwa nyumba. Ukitaka jiko lifanye jingine, unabadilisha anwani, na anayeita humgusi.

Nafasi ya saba ilikuwa ya Veikko, mumewe, aliyekaa meza ya jirani tangu ujana wao. Joto la sauna likifika nyuzi themanini, taa ya jikoni, ndani ya nyumba, ikonyeze mara tatu: fupi, fupi, ndefu. Ndivyo alivyokuwa akimgongea dirisha enzi za uchumba. Wateja waliipata bure, wala hawakujua wamenunua barua ya mapenzi. Sasa majiko mapya hayana waya wa kwenda jikoni, na Jarmo, mkuu wao, alitaka kila kisicho na kazi kiondolewe.

Saa tano jiko la majaribio likafika themanini, likazimika ghafla.

"Tuulikki wee!" Jarmo akaita. "Nafasi ya saba umeweka nini?"

"Sifuri. Anwani tupu."

"Sifuri! Si wewe uliyenisimanga mwaka mzima, usimtume mtu kwenye nyumba isiyokuwepo?"

"Nilisahau."

"Wewe? Usahau? Labda mimi."

"Basi sikusahau. Sikutaka kuweka kitu kingine mahali pake. Namkumbuka mno, Jarmo."

Jarmo akatazama viatu vyake. Huko kwao hiyo nayo ni rambirambi.

"Weka kipande kisichofanya kitu," akasema taratibu. "Kiitwe, kiitike, kirudi. Basi."

Tuulikki akaandika: mstari mmoja, mabano matupu. Jiko likafika themanini, likaita, likaitikiwa, likaendelea na moto wake. Tuulikki akalia pale pale mbele ya watu, maana ndivyo alivyoishi miaka miwili tangu afiwe. Akiitwa anaitika, halafu hakuna kitu.

Tangu mazishi hakuwahi kuwasha sauna ya nyumbani kwake, kwa kuiogopa ile taa. Jumamosi alasiri aliwasha. Lilikuwa jiko lao la zamani, lenye programu ya zamani. Akaketi jikoni, macho kwenye taa, na safari hii hofu ilikuwa nyingine: isije ikanyamaza.

Nusu saa ikapita. Akainuka kupanga taulo, akakaa tena. Akajilaumu kwa kuchelewa miaka miwili, akamlaumu na Veikko kwa kuwahi.

Fupi, fupi, ndefu.

"Naja!" akajibu kwa sauti, kama zamani, akabeba taulo, akatoka mbio kwenda sauna kama msichana. Alikuwa amefika katikati ya ua alipogundua kwamba amebeba mbili.

Hakuirudisha ya pili.