Mwamuzi wa Kituo cha Kamba

Mdogo wangu hakuwa na kocha, hakuwa na viatu vya maana, hakuwa na pumzi ya kupanda kilima, wala hakuwa na kikombe hata kimoja cha mbio za vikwazo. Mimi ninavyo vitatu. Nilivipata enzi ambazo watazamaji walikuwa mke wangu, mlinzi wa uwanja na mbwa wake.

Kisha televisheni ikaja. Kamera zikamkuta mdogo wangu amekwama kwenye shimo la tope, anacheka kama kichaa. Alimaliza wa arobaini. Wiki hiyohiyo nchi nzima ikawa inamwita Kiroboto, na msimu uliofuata uwanja ukajaa mashabiki waliovaa fulana zenye sura yake. Sura yetu, kwa kweli, maana tumefanana kama shilingi kwa ya pili.

Siku hizi mimi ni mwamuzi wa kituo cha kamba. Mshindani hupanda, hugonga kengele kule juu, nami huinua bendera ya kijani. Bila bendera, hajapita.

Mwaka huu Kiroboto alifika wa kwanza kwenye kamba. Mashabiki walipiga kelele za kuziba masikio. Alipokuwa juu, taa nyekundu ya kamera ikawaka, imenielekea mimi, kwa mara ya kwanza maishani. Nikaweka kofia sawa. Nikavuta tumbo ndani. Kengele niliisikia ikilia utosini pangu, lakini mkono wa bendera ulikuwa kwenye kofia.

Akashinda. Aliyeshika nafasi ya pili akakata rufaa: picha hazionyeshi bendera. Kamati ikanitaka nijibu kwa barua, aligonga au hakugonga.

Kesho yake Kiroboto akaja nyumbani.

"Kaka, si uliniona?"

"Una mashabiki maelfu, unaniuliza mimi?"

"Wale wanashangilia tu. Anayeijua kamba ni wewe."

Akaondoka bila hata kumaliza chai. Nikachukua karatasi, nikaandika: *Sikuona.* Mke wangu akasoma akiwa nyuma ya bega langu.

"Hukuona. Na kusikia?"

"Kusikia hawajaniuliza."

"Wameuliza kama aligonga. Mzee mzima, unamwonea gere mtoto uliyemlea mwenyewe?"

"Hata wewe fulana yake unayo!"

"Naivaa nikipiga deki."

Sikucheka. Niliichana ile karatasi, nikaandika upya: *Aligonga. Niliisikia kengele. Sikuinua bendera kwa sababu nilikuwa najiweka sawa mbele ya kamera.*

Nilijua sentensi hiyo ya mwisho itaninyang'anya kituo changu. Nilijua pia itasomwa kwenye televisheni, na mashabiki wake watacheka mpaka washike mbavu. Gere ilikuwa bado haijanitoka. Nikalamba gundi ya bahasha, nikaibana kwa kiganja, nikampa tarishi wa kamati aliyekuwa akisubiri mlangoni.

"Nenda upesi," nikamwambia. "Na nikikuita, usigeuke."