Kanda ya Pili Iko Bunda

Alfonce na Leonardi walipogombana, waligawana mali kama watoto wa marehemu. Kabla ya hapo walikuwa kitu kimoja. Miaka ya foleni za sabuni walifichiana sukari, na ruksa ya kuingiza bidhaa ilipokuja wakavuka mpaka wa Sirari pamoja, wakarudi na televisheni mbili, deki mbili, na picha moja ya Kihindi, ndefu mpaka ikachukua kanda mbili. Televisheni hazikuwa na ugomvi. Kazi ilikuwa kwenye picha. Hakuna aliyekubali mwenzake abaki nayo nzima, basi Alfonce akachukua kanda ya kwanza akafungua banda la video Musoma, Leonardi akachukua ya pili akaenda kufungua la kwake Bunda, na kila mmoja akawaapia wateja wake kwamba picha ni hiyo hiyo, haina nyongeza.

Watu wa Musoma hawakulalamika. Kwao picha ilianza na steringi akiuza maua stesheni ya treni, ikaishia anamwoa binti wa tajiri. Hapo kwenye harusi ndipo wimbo ulipoingia: filimbi kwanza, kisha ngoma, kisha sauti ya mwanamke nyembamba kama uzi wa cherehani, na bibi harusi anashuka ngazi huku shangazi zake wakimmwagia maua. Banda zima lilikuwa linasimama. Hakuna aliyejua neno hata moja la Kihindi, lakini kata nzima ya Kamunyonge iliuimba, kila mtaa kwa maneno yake, na mengine hayakufaa mbele ya wakwe.

Ndiyo maana Mwanahalima wa hapo Kamunyonge, alipoposwa na Twalib, fundi cherehani wa Bunda, hakusumbua watu kwa kitanda wala kabati. Alimwita mdogo wake Hamduni, kijana aliyemaliza kidato cha nne na bado anasubiri kazi, ingawa kazi yenyewe haikuonyesha dalili ya kumsubiri yeye.

"Siku ya harusi nataka nitoke ndani na ule wimbo," alimwambia. "Mkiweka mwingine sitoki. Nitakaa humo mpaka nizeeke."

Hamduni alimjua dada yake. Alishawahi kugoma kula Idi nzima kwa sababu ya kanga. Akaazima redio kaseti ya mjomba, akaenda nayo bandani kwa Alfonce, akaisimamisha mbele ya spika ya televisheni na kuwaomba watazamaji wavumilie wasipige kelele. Walivumilia kadiri walivyoweza. Wimbo uliingia vizuri, pamoja na kikohozi cha mzee mmoja na jogoo wa nyumba ya pili.

Siku chache kabla ya harusi akatumwa Bunda kuchukua spika kubwa kwa rafiki mmoja wa Twalib. Rafiki hakuwepo, ameenda ziwani Mugango kufuata sato wa harusi. Hamduni, mtu wa kutotulia, akaona asikae kwenye benchi la watu kama mgonjwa. Akaingia banda la Leonardi.

Mara akamwona steringi wake. Alifurahi kama mtu aliyekutana na ndugu ugenini. Furaha ilidumu mpaka daraja lilipokatika. Kila mtoto wa Tanzania anajua kwamba steringi hafi. Anapigwa, anatupwa mtoni, anarudi. Huyu hakurudi. Mkewe alionekana juu ya zile ngazi za siku ya harusi, amevaa nyeupe ya ujane, amevunja bangili zake, na filimbi ikaanza. Wimbo ule ule, mwanamke yule yule, ila sasa ngoma imenyamaza na sauti inakokotwa kama jeneza. Banda zima lililia. Mbele kabisa mama mmoja alilia kupita wote, amejiziba mdomo kwa ncha ya kanga.

Hamduni akamuuliza jirani yake yule ni nani.

"Bi Kudura, mama yake Twalib fundi. Tangu mumewe afe na lori, kila wakiiweka hii anakujaga. Anasema huu ndio wimbo wa mzee wake."

Safari ya kurudi na spika ilikuwa adhabu. Pikapu aliyopata ilipitia Butiama kushusha mabati, na mwenye mabati alikuwa na habari nyingi kuliko mabati yenyewe. Wakati yanashushwa, Hamduni alikaa juu ya spika, akasimama, akalizunguka gari, akakaa tena. Akiiacha kaseti, Bi Kudura ataona mkwe anaingia na wimbo wa mjane, kama anayemtabiria mwanawe kifo siku ya kwanza, na Mwanahalima anakwenda kuishi naye paa moja, jiko moja. Akiibadilisha, Mwanahalima hatoki. Akimwambia ukweli, ndiyo kamharibia kitu pekee alichoomba. Dereva alimtazama akizunguka, akamuuliza kwa upole kama ni yeye anayeolewa.

Nyumbani alijaribu. Alimkuta dada yake amenyoosha miguu, shangazi Kijakazi anampaka hina, naye anaimba ule wimbo kwa maneno yake mwenyewe.

"Dada, kuhusu ule wimbo."

"Una nini?"

Akamtazama usoni. Alikuwa anang'aa kama sahani mpya.

"Una jogoo," akasema Hamduni.

"Mwache jogoo. Anachangamsha."

Siku ya harusi nikaha ilipita salama. Wageni wa Bunda wakakaa upande mmoja wa turubai, wenyeji upande wa pili, Bi Kudura mbele na kanga mpya, mwanawe pembeni yake na viatu vinavyolia. Kaseti ya wimbo ilikuwa ndani ya redio. Ndani ya mfuko wa Hamduni ilikuwepo nyingine, ya taarabu, isiyomdhuru mtu. Kijakazi alipochungulia mlangoni kutoa ishara, Hamduni aliweka ile ya mfukoni. Mlango ukafungwa. Ukasikika na komeo.

Hakukuwa na ujanja mwingine. Akabadilisha, akabonyeza.

Filimbi ilipolia tu, upande wa Musoma wakasimama na vigelegele. Upande wa Bunda walikaa kama wamenyeshewa. Mzee mmoja akavua kofia. Mwanamke akaanza kunong'ona dua. Bi Kudura akainuka, akaja moja kwa moja kwenye redio, na Hamduni akaliweka shavu lake tayari.

"Nani kakutuma uweke huu?"

"Bibi harusi mwenyewe, mama. Usimwone vibaya. Kwetu huku huu ni wimbo wa harusi. Wanaoana nao, kwenye kanda ya kwanza. Ya pili yeye hajawahi kuiona."

"Wanaoana nani?"

"Yule mama na steringi."

"Kwa wimbo huu?"

"Anashuka zile ngazi anacheka, mama. Shangazi zake wanammwagia maua. Steringi yuko chini anamsubiri, kilemba kimemshuka mpaka machoni, anakisukuma, kinashuka tena."

Bi Kudura alisahau mkono wake juu ya redio. Alikuwa anaangalia mahali ambapo hapakuwa na mtu.

"Mimi namwonaga analia tu," alisema mwishowe. "Kumbe walifurahi kwanza."

Wakati huo mlango ulikuwa umefunguka. Mwanahalima alisimama kizingitini, akaona nusu ya harusi yake imekaa imeinamisha vichwa, na tabasamu likamgandia usoni. Hakurudi ndani, lakini hakusogea. Bi Kudura akaiacha redio ikiimba, akaenda akamshika mkono. Hamduni akawafuata kwa karibu, maana kama ni kuvunjika kitu alitaka awepo.

"Mama," Mwanahalima alinong'ona, "mbona wenzetu wamenuna? Hawaupendi?"

"Wanaupenda, mwanangu. Kwetu uko kwenye kanda nyingine, tunausikilizaga tumekaa."

Mwanahalima akavuta pumzi. Kisha macho yakamwaka kwa jambo jipya.

"Ina maana Bunda mna kanda ya pili? Mungu wangu, mama, inaishaje? Wanapata watoto?"

Hamduni alitazama chini. Alisikia ule wimbo unakaribia mwisho, akatamani uwe mrefu, au ukatike, chochote kile.

Bi Kudura aliirekebisha kanga ya mkwe wake begani, taratibu, kama mtu anayetafuta sindano iliyodondoka.

"Hata sijui," alisema. "Kila nikienda, umeme unakatika."

Akawageukia watu wake, akawapungia mkono wainuke. Waliinuka mmoja mmoja, kama watu mahakamani, na yule mzee akasita, hajui kofia aivae au aishike. Twalib, ambaye aliwahi kukaa banda la Leonardi pamoja na mama yake zaidi ya mara moja na hakumbuki giza lolote, alifungua mdomo amsahihishe. Bi Kudura akamkanyaga kiatu kipya, akashika pindo la kanga, akaanza kucheza.