Chaja Niliyoiteka Nanenane

Gari la binti yangu Advera lilizimika Usoke, mbele ya mashine ya kusaga ya mwenyeji wake Silasi, likiwa na matenga kumi na sita ya nyanya. Halikuharibika. Liliishiwa umeme tu, kama simu.

Advera ni mjane. Anawalea watoto wake watatu kwa nyanya anazozifuata Usoke na kuzileta sokoni Tabora mjini. Zamani alikuwa na kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, ya petroli iliyotoa moshi kama tanuru la matofali. Mwezi wa nne aliitoa, akaongezea akiba yake yote, akachukua kirikuu ya umeme. Mimi ndiye niliyemchagulia. Ndiyo maana hasira yangu ilianzia kwangu mwenyewe kabla haijafika kwa mtu mwingine.

Kampuni zilikuwa mbili, ofisi zimepakana mtaa mmoja, kila moja na gari lake mlangoni. Kampuni ya Subira iliwakilishwa na dada mmoja mpole anaitwa Asnath. Gari lao betri imefungwa chini, haitoki, unachomeka kwenye soketi yoyote ya ukutani na kusubiri saa sita. Kampuni ya Radi iliwakilishwa na kijana wa Kizaramo, Adinani. Betri ya Radi inachomolewa. Unafika kwenye kituo chao, wanatoa iliyokwisha, wanaweka iliyojaa, na chai yako haijapoa.

Asnath alimuuliza Advera anakwenda wapi na mzigo gani. Kisha akasema, "Mama, sikufichi. Ukiwa na mzigo, gari langu halikupeleki Usoke na kukurudisha bila kuchaji. Itabidi ukae kule nusu siku. Kama huwezi kusubiri, usilinunue."

Tulimshukuru, tukatoka tunacheka. Muuzaji gani huyu anayefukuza wateja?

Adinani alinipokea mlangoni kwa mikono miwili. "Shikamoo bibi! Mnyamwezi wewe, nakuona kwa shingo. Shingo ya mpagazi haijifichi!"

"Marahaba, mla nazi," nikamjibu. "Umefuata nini bara? Ngoma zimekwisha kwenu?"

"Nimefuata mizigo yenu. Babu zako walituletea pembe kwa kichwa, mimi nawaletea gari mpumzishe vichwa."

Nilicheka mpaka nikakaa. Asiyejua utani wetu na Wazaramo atashangaa. Ulianza enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo, wakiugulia huko, wakizikwa na watu wa huko. Mtani anaruhusiwa kukutukana, kukuvua kofia hadharani, kuteka kuku wako mchana mpaka umkomboe, na wewe huruhusiwi kukasirika. Lakini mtani huyo huyo ndiye anayekuosha ukifa. Mume wangu Xavery alipofariki, watani walichimba kaburi juani, wakavaa koti lake na kuigiza alivyokuwa akitembea, nikajikuta nacheka na machozi yanatoka. Halafu mmoja wao akanipikia uji, akakaa mpaka nimeumaliza. Sijausahau uji ule.

Basi nikamwambia Advera, "Chukua kwa huyu. Huyu ni wetu."

"Na Usoke kuna kituo?" Advera akauliza.

"Kinajengwa dada. Kabla ya Nanenane kipo."

Miezi mitatu ya kwanza Advera alichukua nyanya za bustani za karibu na mji, akabadilisha betri mjini, mambo yakaenda. Mwezi wa saba bustani hizo zikakauka. Zilibaki za mabondeni kule Usoke. Jumatatu asubuhi akampigia Adinani mbele yangu, sauti ameifungulia nami nisikie.

"Kaka, kituo cha Usoke tayari?"

"Kipo dada, nenda tu!"

Akaenda. Alikuta nguzo na bango jipya zuri limeandikwa KITUO CHA RADI. Chini ya bango amefungwa mbuzi. Nyumba hakuna, betri hakuna, mtu hakuna.

Silasi alitaka kumsaidia. Umeme anao wa kuzungusha mashine nzima, lakini betri ya Radi haikubali soketi bila chaja ya kampuni, na chaja zinakaa vituoni tu. Siku mbili Advera alikaa pale. Silasi na mkewe walishusha matenga yote wakayaweka kivulini, na kina mama waliokuwa kwenye foleni ya kusaga wakaacha madebe yao, wakachambua nyanya zilizopasuka zisiozeshe nyingine. Hakuna aliyewaomba. Siku ya tatu dereva wa lori la tumbaku, Ngassa, akalivuta gari mpaka Tabora kwa kamba. Nusu ya nyanya zilikuwa zimekuwa maji. Advera aliingia nyumbani, akanawa, akaketi jikoni bila kuwasha moto. Mwanangu akikaa hivyo, mimi silali.

Nikampigia Adinani.

"Baba, ulisema kituo kipo."

"Bango si lipo, bibi?" Akacheka. "Ah, nilikuwa nawatania. Mtani hakasiriki!"

Nikakata simu. Utani ni wa kukutania nywele, pua, ukoo, ulaji wako. Haujawahi kuwa wa njia. Zamani mtu akiuliza kama kambi ya mbele ina maji, hujibiwi kwa mzaha, maana aliyejibiwa kwa mzaha alikufa porini na mzigo wake. Kijana huyu alichukua kitu kilichomzika mume wangu, akakifanya shuka la kufunikia uongo.

Nanenane, sikukuu ya wakulima, ikafika. Viwanja vya maonyesho viko hapa hapa kwetu Ipuli, nikamwambia Advera tutakwenda kwa miguu.

"Kufanya nini, mama?"

"Kuangalia magari."

Kampuni zile mbili zilikuwa na vibanda vinavyotazamana. Kwa Asnath walikuwapo watu wanne na fundi anayefungua boneti. Kwa Adinani palijaa. Alikuwa na kipaza sauti, na mezani amepanga betri, taa, na sanduku la chuma lenye mshikio. Lile ndilo chaja.

"Miaka mitano tu, wananchi!" alikuwa akisema. "Toka Dar mpaka Kigoma, njia yote ya misafara, kila walipolala babu zenu patakuwa na kituo cha Radi!"

Ngassa alikuwapo, akapaza sauti. "Na wale wa Subira miaka mitano watakuwa wapi?"

"Watakuwa bado wanachaji!"

Watu wakacheka sana. Asnath akajibu kutoka upande wa pili, bila kipaza sauti. "Sisi tunafundisha mafundi wawili wa hapa Tabora kwanza. Vituo hatuna, wala sisemi tunavyo." Hakuna aliyemsikiliza isipokuwa mimi, na safari hii sikucheka.

Nikapita mbele. Adinani akaniona.

"Wananchi, mteja wangu huyu! Shikamoo mpagazi wangu!"

"Marahaba. Waambie watu kuhusu kituo cha Usoke."

"Kipo kwenye mpango, bibi."

"Kuna mbuzi. Mbuzi yuko kwenye mpango?"

Ngassa akaangua kicheko. "Nililivuta gari lao mimi! Mbuzi nimemwona, ana ndevu kama meneja!"

Adinani akashusha kipaza sauti. "Bibi, yale tuliyamaliza kwa simu. Ulikuwa utani."

"Ulikuwa utani?"

"Utani mtupu."

"Semea hapo kwenye kipaza sauti, wote wasikie."

Akasita. Watu wakaanza kupiga makofi, sema, sema! Akasema, "Ulikuwa utani wa Mzaramo na Mnyamwezi."

"Ahsante," nikasema. Nikatandika kitenge changu juu ya meza, nikaweka chaja katikati, nikafunga fundo.

"Bibi, hiyo si ya kuuza."

"Nani kasema nanunua? Nimeiteka."

"Bibi! Kampuni hairuhusu mteja awe na chaja."

"Mimi siijui kampuni. Mimi nina mtani. Ikomboe. Leta kituo Usoke, nikurudishie sanduku lako."

Advera alinivuta mkono. "Mama, jamani, twende."

"Tunakwenda. Nitwishe."

Nilikuwa nimekasirika hivi kwamba sanduku lile sikulihisi. Advera akanitwisha, watu wakatupisha njia. Mzee mmoja nisiyemjua akasema kwa sauti, "Aliyeteka ameteka! Mtani ukikasirika, unalipa faini ya mbuzi!" Mlinzi wa kibanda akapiga hatua, nikamwona Adinani anamzuia kwa kiganja. Uso ulikuwa umemshuka, lakini alimzuia.

Tulikuwa tumefika getini niliposikia miguu inakimbia.

"Bibi! Bibi, simama!"

Nikageuka na mzigo wangu, tayari kwa vita. Adinani alikuwa anahema. Mkononi ana waya mnene mweusi.

"Umesahau waya," akasema. "Bila huu hilo ni sanduku tu."

Akampa Advera. Akamwonyesha upande wa gari na upande wa ukutani, akamwambia taa ikiwa ya kijani achomoe, asiiachie ipate moto, na kwa Silasi achomeke mashine ikiwa imezimwa. Alieleza polepole, mara mbili, mpaka Advera akaweza kurudia.

"Watanifukuza kazi," akaniambia. "Na mimi niliambiwa na ofisi ya Dar kwamba kituo kipo. Haki ya Mungu."

"Basi ungesema umeambiwa. Mwanangu alikuuliza, ukamjibu kipo. Angesikia 'nimeambiwa', angempigia Silasi kwanza aulize. Neno moja tu, baba."

Akatazama chini. "Ni kweli."

"Wakikufukuza, njoo Ipuli uliza kwa Bibi Eustadia. Chakula hutakosa. Lakini leo nimekasirika, na kesho nitakuwa nimekasirika, usije kesho."

"Sawa bibi."

"Na bango lile ling'oe."

"Nitaling'oa."

Alirudi kibandani bila kukimbia. Advera aliuzungusha waya begani, akatembea mpaka njia ya kwetu. Akanyoosha mikono.

"Mama, nikutue nikupokee. Ni zito."

"Zito, ndiyo," nikasema. "Wewe waza safari yako ya Usoke Ijumaa. Mpigie Silasi sasa hivi, umwulize soketi yake iko upande gani."

Akatoa simu, akapiga tukiwa tunatembea.