Ngazi Arobaini na Moja

Kutoka sebuleni kwangu mpaka kwenye paa la kuanikia nguo kuna ngazi arobaini na moja. Nimeishi katika nyumba hii ya Bustan, hapa Maskati, miaka ishirini na mbili na sikuwahi kuzihesabu mpaka nilipokaa eda. Wajane wengine wakikaa eda huvuta tasbihi. Mimi nilivuta tasbihi na nikapanda ngazi pia, na mpaka leo sioni kosa langu lilikuwa wapi.

Ghanim, mume wangu, alifariki mwezi nane Mfungo Sita, yaani siku ya nane ya mwezi huo wa mwandamo, ambayo kwa kalenda ya ofisini ilikuwa mwishoni mwa Aprili, mwaka 2004. Alikuwa mwalimu wa jiografia. Zamani mwalimu mwenzake wa Kihindi alimpa picha ya malisho ya juu katika milima ya Himalaya, upande wa Garhwal: majani mafupi yaliyotanda juu ya mgongo wa mlima, maua ya manjano, na nyuma yake theluji. Ghanim aliitia picha ile kwenye fremu, akaitundika juu ya friji, na tangu siku hiyo kila nikienda kutoa maziwa alikuwa akiniambia, "Nasriya, ni siku tano tu za kutembea. Tutakwenda lini?" Nami nilikuwa namjibu, "Mwakani." Kwa nini nikalale kwenye hema niumwe na baridi, wakati majani hata Salalah, hapa hapa Oman, yapo?

Wiki ya pili ya eda nilikuwa napanga karatasi zake nikakuta daftari. Nilidhani ni la shule. Kumbe ndani yake mlikuwa na mpango wa safari ile: kila siku mwendo gani, wapi pana maji, wapi pana vibanda vya wachungaji. Alikuwa ameupanga upya karibu kila baada ya miaka miwili, na chini ya kila mpango ameandika mstari mmoja kwa wino mwekundu, kwa mkono ule ule aliosahihishia mitihani.

1995: N. anasema mwakani. Harusi ya mpwa wake.

1997: N. goti.

1999: N. hapendi baridi. Nitafute hema zito zaidi.

2001: Sleiman anataka twende sisi wawili. Nimekataa. Namngoja N.

2003: Daktari amekataa, moyo. Leo N. ameuliza yale maua yanaitwaje.

Nilipofika mstari wa mwisho nililia mpaka Mildred akaja mbio akidhani nimeanguka. Miaka yote ile nilimwona Ghanim ni mtu wa maneno tu, na nilimcheka mbele za watu. Kumbe alikuwa akiningoja mimi. Nilijuta sana. Lakini mimi nikijuta huwa nakasirika, na nikikasirika siwezi kukaa kitako. Nilifuta machozi nikamwambia Mildred, "Mie nnakwenda."

"Unaenda wapi na uko eda, Mama Maan?"

"Eda ina mwisho wake."

Mildred ni muuguzi kutoka Kenya aliyemtunza Ghanim mwaka wake wa mwisho, na mkataba wake ulikuwa umebakiza miezi kadhaa. Kwao ni Nyahururu, mahali pa baridi na pa juu sana, na alikuwa na dharau ndogo kwa sisi watu wa pwani. Aliisoma hesabu ya Ghanim ya siku ya tatu, ambayo ndiyo ngumu kupita zote, akachukua futi ya fundi cherehani akapima ngazi moja, akakokotoa kwenye kiganja.

"Siku ya tatu ni kupanda hizi ngazi zako mara mia moja ishirini na nane," alisema. "Uko serious?"

Nilipanda mara moja, nikakaa ghorofa ya pili nikihema. Mildred akanipa maji na akaandika kwenye karatasi ya friji: moja.

Basi kila asubuhi baada ya sala ya alfajiri, kabla jua la Maskati halijaanza ukorofi wake, nilikuwa napanda. Mwezi wa kwanza nilifika mara kumi na mbili. Mwezi wa pili tuliingiza kilo mbili za mchele kwenye begi la shule la zamani la mwanangu, kisha nne, kisha sita. Mildred alisimama chini akipiga kelele, "Pole pole, Mama Maan! Huko juu ukikimbia utarudishwa na kichwa kuuma. Kunywa maji! Yalla, tena!" Goti lile la mwaka 1997 lililalamika siku chache, likaona halisikilizwi, likanyamaza. Wifi yangu alipokuja kunitazama aliniuliza mbona natoka jasho na kiyoyozi kinafanya kazi. Nikamwambia ni huzuni, na wala sikumdanganya sana.

Viatu vilikuwa taabu, maana mwenye eda hatoki kwenda kununua viatu. Nilisimama juu ya boksi la chai, Mildred akazungusha kalamu nyayo zangu zote mbili, akalikata boksi, akaenda nalo madukani Hamriya. Alisema mwenye duka alicheka mpaka akakaa. Lakini alirudi na viatu vya mlimani vilivyonikaa sawasawa, ila vilikuwa na kamba nyekundu, na mimi katika eda sivai pambo. Nilizitoa kamba zile nikazikunja nikaziweka. Kisha nikafungua kabati la Ghanim, nikachomoa kamba nyeusi za viatu alivyokuwa akivaa kwenda kufundisha, nikazitia kwenye vyangu. Zilitosha.

Safari yenyewe iliongozwa na Sleiman, rafiki wa Ghanim tangu ujana, mstaafu ambaye kila Ijumaa huwapitisha wenzake kwenye njia ya mlimani juu ya Matrah. Yeye, mkewe na watu wengine wanne walipanga kuondoka tarehe tano Septemba, mvua za kule zikishapungua. Nilimpigia simu mapema, akaliandika jina langu. Eda ni miezi minne na siku kumi, na kwa hesabu yangu nilikuwa natoka tarehe tatu, nikibakiwa na siku mbili za kufunga mzigo.

Mwezi wa Rajabu ulipokuwa na siku tatu, Sleiman alikuja na ramani. Kwa kuwa si maharimu wangu, yaani si jamaa wa damu asiyeweza kunioa, alikaa sebuleni, nami nikakaa kwenye ukumbi mdogo nyuma ya mlango, tukauacha wazi kidogo. Ramani aliipenyeza chini ya mlango, nikaitandaza sakafuni nikapiga magoti juu yake.

"Siku ya mwanzo twapanda msituni, shemegi," alisema. "Ya pili ndo twatokea kwenye majani. Ya tatu ndo yenyewe. Mita mia kenda juu."

"Najua. Ngazi zangu mara mia na ishirini na nane. Jana nimefika sabini, na mchele mgongoni."

"Mchele?"

"Endelea, Sleiman."

Nilimsikia akikohoa, akiweka kikombe chini.

"Shemegi, nnaona haya. Nimekuja na ramani kwa kuwa niliiahidi. Lakini jina lako nshalitoa. Maan kanipigia wiki ilopita. Kasema eda yako yamalizika tarehe saba, na sie twaondoka tarehe tano. Nikaona haikuandikwa."

Maan ni mwanangu wa pekee, injinia wa barabara wizarani. Damu ilinipanda kichwani.

"Eda yahesabiwa kwa Septemba tangu lini?" niliuliza. "Rafiki yako kafariki lini?"

"Mwezi nane, Mfungo Sita."

"Haya, hesabu. Mie nakusikiliza."

Akahesabu kwa sauti. "Mfungo Saba. Mfungo Nane. Mfungo Tisa. Rajabu. Mwezi nane Rajabu yatimia minne. Na siku kumi, mwezi kumi na nane. Leo mwezi tatu..." Akapiga paja. "Lahaula! Tarehe tatu! Shemegi, nisamehe. Watoto hawa wa ofisini hawajui tena hesabu za mwezi."

"Nirudishe."

"Nafasi ipo, lakini majina nnayapeleka kesho asubuhi. Na Maan lazima aridhike. Siwezi kumchukua mamake mtu kwa ugomvi. Ghanim hangenisamehe."

Maan alikuja baada ya alasiri kunywa chai, kama kawaida yake. Hata hakuwahi kukaa.

"Miezi ya mwandamo ina siku ngapi?" nilimuuliza.

Alinitazama, akaitazama ramani juu ya meza, akajua.

"Mama, mimi najua kuhesabu," alisema taratibu. "Siku ile ile aliyofariki Baba nilihesabu kwa mwezi, ikatoka tarehe tatu. Uliponiambia habari ya safari nikahesabu tena kwa kalenda ya ofisini, ikatoka tarehe saba. Nikaichukua hiyo."

"Ukampelekea Sleiman uwongo."

"Ndiyo."

"Kwa nini, Maan?"

"Kwa sababu nimemzika Baba!" Sauti yake ilipanda, na mwanangu si mtu wa kupandisha sauti. "Nimeshuka kaburini kwa miguu yangu nikampokea kwa mikono hii. Bado namwota. Sasa na wewe unataka kwenda kwenye theluji na umri huo, mimi nikae hapa ningoje simu kutoka India? Sitaki. Naogopa, Mama. Ndo nshakwambia."

Hasira yangu ilipungua nusu. Nilimhurumia, na nilitamani kumkumbatia nimwambie basi, siendi tena. Nusu ya pili ya hasira niliibakisha kwa makusudi, maana bila hiyo ningemwambia kweli. Nilikwenda chumbani nikaleta daftari.

"Soma maandishi mekundu," nilimwambia.

Alisoma amesimama. Alipofika mwaka 1999 alitabasamu kidogo. Alipofika 2003 alivuta kiti akakaa, akajifuta uso kwa mkono wa kanzu. Chai yake ilipoa.

"Kila alipotaka kwenda, mie ndo nliyemzuia," nilisema. "Hakuniambia hata siku moja. Nikikaa hapa mwaka huu, nitakaa na huo mstari mpaka nife. Hilo ndilo la kuogopa, mwanangu. Theluji siiogopi."

Kisha akashika tawi la mwisho lililobaki, kama watoto wa kiume wanavyofanya. "Lakini huna maharimu wa kusafiri naye."

"Ninaye."

"Nani?"

Nilimtazama tu. Na kitambi chake nilikitazama.

"Mimi? Mama! Mimi barabara nazikagua nikiwa ndani ya gari!"

"Una siku kumi na saba," nilisema. "Mildred!"

Mildred alikuwa nyuma ya mlango wa jikoni akisikiliza kila kitu bila aibu. Alikuja na begi la shule limejaa mchele. Begi lilikuwa la Maan mwenyewe, na bado lina jina lake kwa wino uliofifia. Akamvisha mabegani na kumfunga mikanda.

"Ngazi ni arobaini na moja, boss," alimwambia. "Yalla. Na usikimbie."

Nilitangulia. Sikujisifu, lakini sikupumzika pia, na nilipofika kwenye mlango wa paa pumzi zangu zilikuwa zangu. Kutoka chini niliwasikia, Mildred akihesabu na mwanangu akipumua kwa kelele. Kumi na tano. Ishirini. Ishirini na sita. Kisha hesabu ikasimama. Nikachungulia, nikamwona amekaa kwenye ngazi, uso umemwiva, daftari la baba yake bado mkononi.

"Mama," alisema akitafuta pumzi, "unaonaje kama tungekwenda mwakani?"

Maan alinyanyua macho akaniona nimesimama juu pale, na nadhani ndipo aliposikia alichokuwa amekisema. Akalifungua daftari kwenye magoti, akanyoosha mkono, na Mildred akampa ile kalamu ya kuhesabia. Aliandika kwa muda mfupi tu. Kisha akashika ukuta, akainuka, akapanda ngazi kumi na tano zilizobaki bila kusimama, na alipofika juu alinipa daftari kabla hajaweza kusema.

Chini ya mwaka 2003 kulikuwa na mstari mpya, kwa wino wa buluu.

2004: N. ameshafika juu. Anatungoja sisi.