Glasi ya Marehemu Tsiala

Profesa Murman alimwita Tsiala "mama wa jikoni" mara mbili kabla nyama haijaletwa, na mara zote mbili Jumber, kaka yake Tsiala, alikuwa ameketi ubavuni mwa profesa na hakufungua mdomo.

Tsiala aliweka sahani ya bilinganya mezani, akaegemea gongo lake la kutembelea, akarudi jikoni kuchukua mikate. Jirani yake Eteri, aliyekuja kusaidia, alikuwa akikata jibini kana kwamba jibini limemkosea.

"Mbona humwambii wewe ni nani?"

"Namngoja kaka aseme."

"Basi tafuta kiti, shoga yangu. Utangoja sana."

Wageni walikuwa saba, wote wametoka Tbilisi, mji mkuu wa Georgia, kuja huku mashambani Kakheti kwa ajili ya kitabu. Riwaya ya Jumber ilikuwa imepata tuzo. Ilisimulia habari za familia yao wenyewe, ukoo uliokuwa na mizabibu mpaka mtoni, ukaishia na kiwanja kimoja na paa linalovuja. Ndani yake alikuwamo msichana kiwete, bubu, jina lake Tsiala. Babu alipouza shamba la kwanza, mguu wa msichana ukakauka. Baba alipozama kwenye ulevi, msichana akaacha kutembea. Katika sura ya mwisho alikufa kwa baridi, na siku hiyo hiyo ukuta wa nyumba ukaanguka.

Tsiala alikuwa amekisoma chote hapo jikoni, akisubiri unga uumuke. Ukurasa wa mama yao akichuma zabibu aliurudia mara tatu, kwa sababu ulikuwa wa kweli, na machozi yalimtoka. Kisha akafika kwenye mguu. Mguu wake ulikauka kwa polio alipokuwa na miaka minne, mwaka ambao zabibu zilizidi mpaka wakaazima mitungi kwa majirani. Wala hakuwahi kuwa bubu. Kwa udogo wa mwili wake, yeye ndiye aliyeshushwa kila mwaka ndani ya ule mtungi mkubwa wa mvinyo uliozikwa ardhini, ausugue kwa ndani, na anayeshuka humo huimba bila kunyamaza ili walio juu wajue hewa mbaya haijamzidi. Juu, mwenye kushika kamba alikuwa Jumber. Aliisikiliza sauti ile miaka kumi, kisha akaandika kwamba haikuwapo.

Asubuhi ya siku hiyo Tsiala alimuuliza. "Kwa nini bubu, kaka?"

"Kitabuni bubu anasikika zaidi." Jumber alikuwa akifunga tai mbele ya kioo cha mama yao. "Usilichukulie hivyo. Yule si wewe. Ni ishara."

"Ishara yenye jina langu?"

"Ni jina zuri." Kisha, bila kugeuka: "Leo kuna mama wa halmashauri. Wanataka nyumba hii iwe makumbusho ya kitabu. Wewe utakuja kukaa na sisi mjini, kuna kachumba karibu na lifti. Inatakiwa saini yako tu, maana hati ina majina yetu sisi wawili."

"Mizabibu ataipogoa nani?"

"Mizabibu gani, Tsiala? Ile mistari sita?"

Tsiala alimwambia atamjibu baada ya chakula.

Sasa Profesa Murman, aliyechaguliwa kuongoza meza na kusema neno la heshima kabla ya kila glasi, alikuwa amesimama na glasi. Ilikuwa zamu ya kunywa kwa kuwakumbuka marehemu. Wanaume wote wakasimama. Akamtaja babu, akamtaja baba, akamtaja mama, kila jina kwa heshima yake. Tsiala alikuwa mlangoni na sinia la mikate ya moto.

"Na Tsiala," profesa akaendelea, sauti ikimshuka, "binti aliyebeba anguko la nyumba hii katika mguu wake mmoja. Apumzike kwa amani."

Jikoni kisu cha Eteri kilianguka.

Tsiala alimtazama kaka yake. Neno moja lingetosha. Hata kukohoa kungetosha. Jumber alimwona, macho kwa macho. Kisha akadondosha mvinyo kidogo juu ya kipande cha mkate, kama inavyofanywa kwa wafu, akanywa glasi yote.

"Mvinyo ukoje, kaka?" Tsiala akauliza.

Meza nzima iligeuka.

"Mzuri," Jumber akasema kwa sauti ya chini.

"Marehemu ndiye aliyeutengeneza."

Profesa alianza kucheka, akaliona gongo, akaishusha glasi. "Samahani, Bi..."

"Tsiala. Wa kitabuni na wa jikoni."

"Dada, usiniharibie siku," Jumber akasema.

"Nimeharibu nini? Nimefufuka tu. Wengine wakifufuka hupigiwa kengele za kanisa."

"Profesa hakujua."

"Profesa hakujua. Wewe ulijua, ukanywa."

Mama wa halmashauri alifungua faili lake, akalifunga tena. "Sisi tuliambiwa nyumba haina mtu," alisema.

Wageni wakamgeukia Jumber. Tsiala aliliweka sinia mezani. Kisha akaketi kwenye kiti kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa cha Jumber, aliyekuwa bado amesimama, pale kichwani mwa meza.

"Kuleni," aliwaambia wageni. "Mkate ukipoa haufai."

Jumber aliinama sikioni mwake. "Na ile saini? Uliniahidi jibu."

"Marehemu hasaini, kaka."

"Tsiala, nakuomba. Nimeshawaambia."

"Umeniua mwenyewe, mbele ya watu saba. Sasa unataka nikusaidie kuandika?"

Jumber alijinyoosha, uso umemwiva. Profesa, ambaye kwa aibu alitafuta jambo lolote la kufanya, alijaza glasi yake na kuinyanyua kwa heshima ya mwenye nyumba. Kwa mazoea Jumber alianza kushukuru. Akasita katikati ya neno, maana glasi ya profesa ilikuwa imempita, imeelekea kwenye kiti cha kichwani.

"Kaa, mgeni wetu," Tsiala alimwambia kaka yake, akimsogezea mkate. "Kula ushibe. Njia ya kurudi ni ndefu."

Kiti kilichobaki kilikuwa karibu na mlango. Jumber akakaa hapo.